Wanaume Saba wa Mkongeni

Mkongeni, Voi
Jumapili, 8 Septemba 2024

Mume wangu Reuben,

Wewe mtoto huna haya. Miaka miwili na miezi minne hujakanyaga hapa. Mara ya mwisho ulikuja na kibegi kimoja, ukalala siku moja, ukala kuku wangu, ukaondoka asubuhi chai ikiwa bado jikoni. Tangu siku hiyo ni "nitakuja nyanya, kazi ikipungua nitakuja." Kazi gani hiyo isiyopungua? Hata reli ilijengwa ikaisha.

Ukiona barua usishtuke, sijafa. Simu nimeiacha makusudi. Kwenye simu unasema "ndio nyanya, ndio nyanya" kabla sijafika kwenye neno lenyewe, halafu network inapotea, na inapotea kila mara nikianza kukugombeza. Barua haina network. Anayeandika ni Eddah wa cherehani, jirani yangu wa nyuma. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asinipambe. Nikisema neno kali aliweke hivyo hivyo kali. Tutaipeleka kwa basi, uifuate ofisi ya vifurushi.

Sasa sikiliza. Wanakitengeneza kiwanja chetu. Wiki iliyopita walikuja watu na kofia za plastiki, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu, wakasimamisha ubao mkubwa pale mlangoni. Kutengenezwa sikatai. Choo cha kiwanja tumekiomba tangu baba yako yuko shule. Waweke jukwaa, waweke taa, waweke nyasi za kununua kama wana kichaa cha kununua nyasi. Lakini vigingi vimeingia mpaka upande wa chini, huku kwa nyumba zetu, pale majani hayakauki hata jua likiwa la kuchoma. Wanasema hapo hapatumiki. Wanataka kupanga maduka kumi na mawili, na msingi wake uingie chini mpaka kiunoni mwa mtu.

Hapo hapajengwi. Hapo tuliwalaza wanaume saba, mimi na wenzangu, kwa mikono yetu, mwaka ule nina mimba ya baba yako. Tuliwafukia vizuri. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuchimba pale hata shimo la gololi. Wewe mwenyewe nilikuchapa hapo, ulikuwa darasa la kwanza, ukitega panya. Msingi ukipita pale wanaume wale watakatwa katikati, na taabu yake itaingia kwangu na kwa Eddah, si kwa hao wenye kofia.

Wewe umesomea ramani. Lugha yao unaijua. Waambie.

Kuku mwingine yupo, anakungoja, ingawa hustahili hata shingo.

Nyanya yako,
Mkamburi

Reuben, huku nyuma ya karatasi ni mimi Eddah, na haya sikuambiwa niandike. Kwenye ule ubao, chini ya jina la kampuni, wameandika kwa Kiingereza aliyechora mradi ni nani. Ni wewe. Jina lako lote. Nyanya aliniuliza ubao unasema nini, nikamsomea tarehe ya kuanza na ya kumaliza, nikanyamaza. Sijui kama nimefanya vizuri. Nyumba yangu ndiyo ya pili kutoka pale, unaijua. — Eddah.

*

Nairobi
19 Septemba 2024

Nyanya mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua yako na nimekubali makosa yote, hata la chai. Nitakuja, na safari hii si maneno.

Nyanya, nimeshindwa kulala na habari ya hao wanaume saba. Ni akina nani? Ilikuwa ajali ya shamba la mkonge? Babu hakuwahi kuitaja, wala baba. Nakumbuka kuchapwa, lakini nilidhani ni kwa sababu ya nguo kuchafuka.

Sheria inasema mahali penye makaburi kazi isimame kwanza mpaka maafisa wapakague. Kwa hiyo nimepeleka habari kwa watu ninaowafahamu kwenye mradi. Watakuja: mtu wa afya, polisi, na mmoja wa mradi. Tafadhali wakija usiwe mkali. Wape majina yote na uwaonyeshe mahali penyewe. Kama kuna watu wamelala pale, hata mimi sitakubali wajengewe juu.

Lakini pia usiuchukie mradi. Nimesikia ni mzuri. Nimesikia jukwaa litakuwa na kivuli na viti vya mbele vya wazee.

Mjukuu wako,
Reuben

(Karatasi hii ndogo ni ya Shangazi Eddah peke yake.)

Shangazi, asante kwa kunyamaza, na naomba uendelee kidogo. Ni kweli nilichora mimi. Nilichora nikiwa hapa ofisini, kwa picha za kutoka angani. Upande wa chini ulionekana mtupu, na mkubwa wangu alitaka maduka yapate mahali. Nilikaa mbali kwa sababu nilitaka nyanya aone kiwanja kimekwisha, nimshike mkono nimkalishe kiti cha mbele, ndipo nimwambie ni kazi yangu. Sasa naona haya. Huo mchoro ndio wa kwanza kuwekwa jina langu. Usimsomee hii. — R.

*

Mkongeni, Voi
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Mume wangu,

Barua yako nimesomewa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Eddah alishikwa na kikohozi pale mwishoni. Mara ya pili alikohoa pale pale. Nimempa mkaratusi achemshe.

Watu wako walikuja Alhamisi. Mtu wa afya na glavu zake, polisi wawili, vibarua wawili wenye majembe, na yule wa mradi, kijana anaitwa Tom, ana daftari na viatu vyeupe. Huku Mkongeni habari ilikuwa imeshatangulia, watu walijaa kama siku ya fainali. Wakesho alikuja na kigoda chake. Katika wale tuliofanya ile kazi tumebaki mimi na yeye tu, na tangu asubuhi nilimwonya afunge mdomo wake.

Tom akaniuliza majina ya marehemu. Nikampa majina: Reuben, Danson, Nzomo, Festus, Morris, Hillary, Kitonga. Akaandika yote saba. Akauliza walikufa na nini. Nikamwambia sijasema wamekufa. Akauliza kama polisi waliarifiwa wakati ule. Hapo Wakesho akaanza kucheka, akacheka mpaka akashuka kwenye kigoda akakaa chini, na mimi nikamwambia mtu wa afya kwamba huyu mama ana shida ya presha.

Nikawaonyesha mahali pa kuchimba. Hatua kumi na mbili kutoka mlingoti wa goli la chini, kuelekea kwangu. Wakachimba. Walipofika magotini, jembe likalia kwenye chuma. Watu wote wakarudi nyuma. Polisi mmoja akavua kofia. Mtu wa afya akashuka mwenyewe, akafuta udongo kwa mikono, akatoa karai. Karai kuukuu, limetoboka, limefunikwa kifudifudi. Na chini ya karai hakukuwa na mfupa, kulikuwa na mawe. Mawe makubwa yamepangwa kama ukuta uliolala, yanaenda mbele na yanaenda nyuma. Akaingiza mkono katikati ya mawe akautoa umelowa. Mwezi wa kumi, Reuben, mto wenyewe ukiwa mchanga mtupu, mkono wake ulikuwa unadondosha maji.

Ndio huyo mwanaume. Huyo ndiye Reuben.

Sasa nakueleza wewe kama nilivyomweleza yeye, maana nyinyi nyote hamkuzaliwa. Pale kiwanja kilipo palikuwa njia ya maji. Wanaume wa shamba la mkonge walipapenda kwa sababu hapakuwa na miti, wakasimamisha magoli, wakacheza. Ukipiga mpira goli la juu unashuka wenyewe mpaka relini. Kila vuli maji yalishuka kutoka kilimani, yakapita kwenye kiwanja, yakaingia kambini kwetu. Tulilala juu ya meza. Wakesho alizika mtoto wa homa mwaka mmoja, na mwaka uliofuata akazika mwingine. Tukaenda kwa meneja, sisi wanawake tuliokuwa tukianika nyuzi za mkonge. Akatuambia kambi si hoteli. Tukawaambia waume zetu. Wakatuambia baada ya ligi.

Basi tukachimba wenyewe. Jumapili baada ya kanisa, viangazi viwili. Wanawake saba, kila mmoja na mfereji wake na watoto wake na yeyote aliyemkopa. Mawe tuliyabeba kwa kichwa kutoka chini ya kilima. Mawe makubwa chini, madogo juu, halafu magunia, halafu udongo, tukausawazisha mpaka mpira ukaacha kukimbilia relini. Na wanaume walipoona kiwanja kimekuwa sawa wakasema kampuni imefanya jambo la maana. Hivyo ndivyo hata leo imeandikwa.

Majina yalianza kwa mzaha. Mke wa Kitonga alikuwa wa kwanza kumaliza wake, akasimama juu yake, akasema, "Huyu ndiye mwanaume. Anabeba mzigo na hasemi kitu." Tukacheka mpaka tukaangusha makarai. Tangu hapo kila mmoja akampa mfereji wake jina la mume wake, na kichwani tukamvika karai bovu liwe kofia. Tukiulizana nyumbani kuko vipi wakati wa mvua, tunasema Reuben amelala vizuri, Danson anakunywa, Morris amebanwa. Babu yako Reuben hakuwahi kujua. Alidhani tunawasifu.

Tom akafunga daftari. Akasema, "Nyanya, umetudanganya."

Nikamwambia, "Mwezi wa nane mlituita mkutano wa kutoa maoni. Nilisimama nikasema pale chini kuna mifereji saba ya mawe, msijenge. Uliandika nini?"

Eddah alikuwepo siku ile na aliona alichoandika. Aliandika mama mzee apewe kiti.

Kwa hiyo safari hii nikasema wanaume wamelala, na mkaja na majembe. Kaburi mmelileta wenyewe. Na wewe pia, usiniambie sikujua utasikia nini. Nilijua. Hapo naomba unisamehe, lakini kidogo tu.

Sasa Tom anasema shimo litafukiwa, kwa sababu mawe si makaburi na mchoro umeshapita. Nikamuuliza nani anaweza kuubadilisha. Akasema ni yule aliyeuchora tu.

Basi kama huyo mchoraji unamfahamu, mpe salamu zangu. Mwambie yale majani ya kijani pale alipodhani patupu, kama aliyaona, angejiuliza yanakunywa wapi.

Nyanya yako,
Mkamburi

*

Nairobi
9 Novemba 2024

Nyanya,

Aliyechora ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi nne nikazichana. Hii ya tano naituma. Shangazi Eddah hana kosa, mimi ndiye niliyemwomba asikusomee.

Nilicheza kwenye kiwanja kile miaka kumi. Nilijua kona ya chini ni mbichi daima, tulikuwa tunakwenda kulala pale baada ya mechi. Lakini nilipokaa kwenye kompyuta niliiona kama nafasi iliyobaki. Sina cha kujitetea.

Nimechora upya. Maduka nimeyapeleka juu, kando ya barabara. Nilimwonyesha mkubwa wangu na hakufurahi. Alisema hawezi kubadilisha mradi kwa sababu ya shimo moja lenye karai, na kwamba mwanamke mzee si ramani. Amesema nikitaka kusimama na mchoro mpya nilete ushahidi: mifereji yote saba, inaanzia wapi na kuishia wapi, kwa vipimo. La sivyo jina langu litolewe na mchoro wa kwanza uendelee chini ya mtu mwingine. Mkutano ni tarehe 14 Desemba, hapo hapo kiwanjani.

Nyanya, mimi niko tayari kuondolewa. Sitaki tu niondolewe na maduka yajengwe. Unakumbuka inapopita? Hata kwa hatua. Hata kwa kukisia.

Wako,
Reuben

*

Mkongeni, Voi
Jumapili, 1 Desemba 2024

Mume wangu,

Kwanza hilo la ubao tulimalize. Nilijua siku ile ile waliyousimamisha.

Mimi sikwenda shule hata siku moja, na herufi sizijui. Lakini neno moja nalijua. Babu yako alikuwa mlinda mlango, na jezi yake niliishona jina mgongoni kwa uzi wa bluu, nikifuata alama alizonichorea kwa chaki. Niliifua hiyo jezi kila Jumatatu kwa miaka tisa. Alama sita. Ya kwanza ina mguu mmoja umetupwa mbele, ya pili na ya tano zinafanana kama meno ya kitana. Nilipita pale ubaoni na kuni zangu, nikaiona, nikaweka kuni chini. Babu yako amekufa miaka kumi na nne. Reuben mwingine ninayemjua ni mmoja.

Nikamuuliza Eddah ubao unasema nini, akanisomea tarehe. Maskini, hata uwongo hajui. Leo anaandika haya na masikio yamemwiva. Andika hivyo hivyo, Eddah.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka siri hiyo uibebe mwenyewe uone uzito wake. Ungeibeba mpaka mwisho bila kusema, ningekupiga kwa mwiko mbele ya hao wakubwa zako. Umesema. Basi imekwisha, hatuirudii.

Pili, vipimo. Unaniuliza kama nakumbuka inapopita. Mtu anasahau alikojifungulia? Jumatatu tulikwenda mimi, Wakesho na Eddah na futi yake ya kupimia nguo. Mimi naonyesha, Wakesho anabisha, tunachoma chuma kirefu chini, kikigonga jiwe tunasimama. Tulibishana mahali pamoja tu, kwa Hillary, na Wakesho ndiye alikuwa sahihi, na ameshawaambia watu wote. Eddah amepima kiwanja kizima kama anakishonea suruali. Karatasi tatu za vipimo ziko ndani ya bahasha hii, kila mwanaume na kichwa chake na miguu yake. Sita tu ndio wazima. Wa saba nakueleza.

Tatu, mvua. Ilianza tarehe kumi na saba, ikapiga siku mbili mfululizo. Kabla yake lori la mradi lilikuwa limemwaga kilima cha udongo mwekundu juu ya Nzomo, likapita juu yake kwenda na kurudi mpaka karai lake likabonyea na mawe yakashikana. Sasa sikiliza. Mvua ilipoacha, kufika saa sita mchana kiwanja kilikuwa kikavu na watu wanacheza. Kwa Nzomo tu maji yalisimama. Yalisimama siku tatu, yakatafuta njia, yakaingia kwa Eddah, yakaloweka vitambaa vya sare za shule alizokuwa amekata. Hakulia. Alichukua ndoo akaanza kuteka, na majirani tukaja na ndoo zetu.

Tom alikuja siku ya pili. Safari hii na gambuti. Lile shimo la Reuben walikuwa hawajalifukia bado, na ndani unasikia maji yanapita chini ya mawe, kama mtu anakunywa uji bila haraka. Nikamwambia alale chini asikilize. Akalala. Tumbo kwenye tope, sikio shimoni, na daftari amelishika juu lisilowe. Alikaa hapo muda mrefu. Halafu akaenda kusimama kwa Nzomo, maji yakamfika magotini, akaniuliza, "Nyanya, wako wangapi tena?"

Nikamwambia saba, kama nilivyosema mwezi wa nane.

Safari hii aliandika. Akapiga picha pande zote mbili, akazituma kwa mkubwa wako pale pale nikiwa namwangalia. Vigingi vya chini vimeng'olewa Ijumaa, lakini sahihi haijawekwa, na mimi siamini kigingi, naamini sahihi. Tom anasema aliyechora lazima asimame mwenyewe tarehe kumi na nne aseme mchoro wa kwanza ulikosea. Watu watakuwa wengi. Hao wakubwa wako watakuwepo. Itakuwa aibu, na utaimeza, kisha utaonyesha ule mpya. Mimi na Wakesho tutakaa mbele. Viti vya wazee, si ulisema.

Kwenye huo mchoro mpya mifereji usiipe namba. Ipe majina yake. Reuben, Danson, Nzomo, wote. Na pembeni ya kila mwanaume mwandike mwanamke aliyemlaza. Majina yao Eddah ameyaweka nyuma ya karatasi ya tatu. Ule uongo kwamba kampuni ya mkonge ndiyo iliyosawazisha kiwanja ufutwe kwenye karatasi zao, na asifute mtu mwingine, ufute wewe.

Kwa hiyo uje tarehe kumi na mbili, si kumi na nne asubuhi ukiwa na harara za basi. Usipite mlango wa mbele kwenye ubao, pitia chini, kwenye majani. Acha viatu vya Nairobi huko huko. Lete gambuti, lete jembe lenye mpini mzuri, lete karai jipya, maana Nzomo tunamfukua na kumpanga upya, na mwenye kuchimba ni wewe. Lete na kalamu ya risasi. Tukimaliza utaufungua mchoro mezani kwangu, utakishika kidole changu ukiweke pale ulipoandika Mkamburi, ukipitishe kwenye alama moja moja mpaka mwisho, mpaka nilijue kama ninavyolijua lile la jezi. Neno moja ninalo. Nataka la pili liwe langu.

Na siku ya kuondoka, chai utaimaliza.

Nyanya yako,
Mkamburi